Kazi ipi ya simu, ipi ya mwanafunzi: mwongozo kamili wa kufundisha na kujifunza hisabati kwa teknolojia

Mwanafunzi mmoja aliniletea simu akiwa amejaa furaha. Zoezi la kujumlisha sehemu, maswali kumi, amepata tisa, na kwenye kioo nyota zinamwagika. Nikampongeza, kisha nikampa karatasi: "Nifanyie hili, 1/2 + 1/3." Akaandika 2/5 bila kusita. Juu kwa juu, chini kwa chini. Nilipomuuliza yale tisa aliyapataje, alinijibu kwa unyofu kabisa: "Mwalimu, kila swali lina majibu manne. Nikibonyeza moja likawa jekundu, nabonyeza jingine." Programu ilikuwa inahesabu jibu la mwisho tu.

Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger aliandika kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyempa jina la Benny. Benny alisoma hisabati kwa utaratibu ambao kila mtoto anakwenda kwa kasi yake, anajaza karatasi, na majibu yanasahihishwa kwa ufunguo. Kwa alama alikuwa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Erlwanger alipoketi naye na kumwomba aeleze anavyofikiri, ikadhihirika kwamba kwa Benny 2/10 ni 1.2 na 5/10 ni 1.5, maana alikuwa anajumlisha namba ya juu na ya chini kisha anaweka nukta. Kwake 0.3 + 0.4 ilikuwa 0.07. Alishaamini kwamba hisabati ni kuwinda jibu linalofanana na lile lililoandikwa kwenye ufunguo. Hapakuwa na kompyuta yoyote katika kisa hicho, karatasi tu. Lakini programu nyingi tunazopakua leo ni ufunguo uleule, umetiwa rangi na sauti.

Ndiyo maana mwongozo huu unazunguka swali moja: kifaa kikishamaliza kazi yake, ni kazi gani ya akili iliyobaki kwa mwanafunzi? Ikiwa iliyobaki ndiyo ile anayotakiwa kujifunza, endelea. Ikiwa kifaa kimeibeba hiyohiyo, kipindi kimepotea hata kama darasa zima lilifurahi. Nimewaandikia walimu kwanza, ila mzazi anayekaa na mwanawe na mtu anayejisomea mwenyewe wanaweza kuzifuata hatua hizi bila shida.

Hatua ya 1: Fahamu kichwa kinabeba mzigo kiasi gani

Jaribu kuzidisha 48 kwa 27 bila kuandika popote. Wengi hupata 48 × 20 = 960 bila taabu, wakaenda kutafuta 48 × 7, na wakirudi na 336 mkononi wanakuta 960 imeshapotea. Si ujinga. Ni mpaka wa ile kumbukumbu ya muda mfupi tunayofanyia kazi. George Miller mwaka 1956 aliukadiria mpaka huo kuwa vitu 7 hivi. Nelson Cowan, mwaka 2001, akaonyesha kwamba kwa kweli ni karibu na 4.

Neno la kuangalia hapo ni "vitu". Kwa anayeijua 7 × 8 = 56 kwa kichwa, hicho ni kitu kimoja. Kwa asiyeijua ni safari nzima ya kuhesabu, nayo inakula nafasi ambayo ingetumika kuelewa mlinganyo ulio mbele yake. Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaotaka majedwali ya kuzidisha yajulikane kwa kichwa. Kuyakariri hakuzuii kuelewa; kunaacha nafasi ya kuelewa.

John Sweller, aliyeanza kuyaandika mambo haya ya mzigo wa akili katika miaka ya 1980, anatufundisha kutenganisha mzigo wa somo lenyewe na mzigo wa ziada unaoletwa na namna tunavyofundisha. Basi kabla ya kuchagua programu, ifungue wewe mwenyewe uangalie kioo kwa jicho hilo. Je, mchoro uko juu na maelezo yake yako chini, mpaka mtoto apandishe na kushusha ukurasa ili aviunganishe? Je, kuna muziki? Kuna mnyama anayerukaruka pembeni? Kila kimoja kinachukua nafasi moja kati ya zile nne. Programu yenye uso mkavu, mweupe, wenye swali moja na nafasi ya kuandikia, mara nyingi inafundisha kuliko ile inayong'aa.

Upande wa pili ni kwamba kifaa kina ruhusa ya kubeba mzigo usio wa somo. Ikiwa somo la leo ni umbo la grafu, hakuna sababu ya mwanafunzi kutumia dakika 25 akikokotoa pointi 20 na kuzichora kwa rula. Ila kama somo la leo ndilo hilo la kuchora pointi, basi zima kifaa.

Hatua ya 2: Msikilize mwanafunzi kabla hujawasha chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kurukwa kwake ndiko kulikompotosha Benny.

Andaa maswali matano, si ishirini. Yachague kwa namna ambayo kila fikra potofu inatoa jibu lake la pekee, ili jibu lenyewe likuambie mtoto anawaza nini. Haya nimeyatumia sana:

- Ipi kubwa, 0.35 au 0.8? Atakayesema 0.35 anasoma desimali kama namba nzima: 35 imezidi 8.
- 8 + 4 = ☐ + 5. Atakayeandika 12 anaichukulia alama ya "sawa na" kama amri ya kutoa jibu. Atakayeandika 17 amejumlisha kila alichokiona. Jibu ni 7.
- 1/2 + 1/3. Hili mmeshaliona.
- −3 − 5. Ukipata 8, mtu amekariri "hasi na hasi ni chanya" bila kujua kanuni hiyo ni ya wapi.
- (a + b)² ni sawa na nini? Wengi wataandika a² + b².

Mwanafunzi akishajibu, sema maneno matatu tu: "Nieleze ulivyofikiria hapa." Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi. Ulimi unawasha kusahihisha. Usisahihishe bado. Sema hivyohivyo hata kwa jibu lililo sahihi, vinginevyo darasa litajifunza haraka kwamba ukiulizwa maana yake umekosea, nao wataanza kufuta.

Hapa simu ina kazi nzuri kweli: kurekodi sauti. Kwa ridhaa ya mwanafunzi, na ya mzazi kama ni mtoto, rekodi maelezo ya dakika moja moja. Ukiyasikiliza jioni utasikia mambo ambayo darasani yalikupita. Kwa darasa kubwa, tengeneza fomu fupi ya simuni ambayo majibu yake yasiyo sahihi ni zile fikra potofu zenyewe, na kwa dakika mbili utajua ni wangapi wameshikwa na ipi. Pasipo na vifaa, kadi za A, B, C na D zinazoinuliwa kwa pamoja zinafanya kazi hiyohiyo.

Kwa nini nasisitiza kiasi hiki? Huko Grenoble, Ufaransa, watafiti waliwahi kuwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kuzifanyia hesabu namba hizo. Watoto hao si wajinga hata kidogo. Walikuwa wameshajua kwamba swali la hisabati huwa na jibu, kwamba jibu hutoka kwenye namba zilizotajwa, na kwamba mwalimu hapendi karatasi tupu. Saikolojia ya darasa ilikuwa imeishinda akili ya kawaida. Programu ya maswali mia tatu inayodai jibu kila baada ya sekunde kumi inaijenga tabia hiyo, haiibomoi.

Hatua ya 3: Panga swali kwanza, kifaa kifuate

Richard Skemp mwaka 1976 alitofautisha kuelewa kwa aina mbili: kujua cha kufanya bila sababu, na kujua cha kufanya pamoja na sababu yake. Teknolojia inaweza kukuza aina yoyote kati ya hizo. Inategemea swali ulilolitanguliza.

Nitaeleza kipindi kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho ninachokipenda kuliko vyote na kinaweza kurudiwa kwa mada nyingine. Kinatumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 huko Salzburg, Austria. Desmos inafaa vilevile. Mada ni grafu ya y = ax² + bx + c.

Andika kwenye programu y = ax² + bx + c. Itakuuliza kama utengeneze vitelezi vya a, b na c, yaani vitufe vya kuvuta ili kubadili namba; kubali. Weka a = 1, b = 0, c = 0. Kioo kionekane na wote, au kila wawili wawe na simu moja. Wawili, narudia. Mmoja akiwa peke yake atachezea vitelezi kimyakimya; wawili watabishana, nasi ubishi ndio tunaoutafuta.

Sasa usiguse kitu. Waambie wachore daftarini: "Nikipandisha c kutoka 0 hadi 3, grafu itakwenda wapi?" Wachore, wainue madaftari, ndipo uvute kitelezi. Wengi watapatia: grafu inapanda. Fanya vivyo kwa a. Hapo patakuwa na mshangao kidogo, hasa a ikipita kwenye 0 na parabola kugeuka mstari ulionyooka kwa kitambo kabla ya kupinduka. Waache wapite pale mara kadhaa.

Halafu b. Rudisha kwanza a = 1 na c = 0, kisha waulize tena: "Nikiongeza b, grafu itakwenda wapi?" Darasa zima, na walimu wengi pia, wataandika "kushoto" au "kulia". Vuta kitelezi polepole. Grafu inasogea kando, lakini inashuka vilevile, na hata ukiirudisha b upande wa hasi inashuka upande wa pili. Patakuwa na kelele. Ziache.

Kinachofuata ndicho kiini. Weka pointi kwenye kipeo, yaani pale grafu inapogeukia, kisha uwashe alama za njia ili pointi iache nyayo inapopita. Vuta b kutoka −6 hadi 6. Nyayo zitachora parabola nyingine, iliyopinduka. Sasa zima kioo kabisa. "Kwa nini?" Kazi inarudi kwenye karatasi: kipeo kiko pale x = −b/2, na pale y = −b²/4. Andika y kwa kutumia x, na unapata y = −x². Mwanafunzi aliyeiona njia ile kwa macho kabla ya kuikokotoa anakuwa na hamu ya kuikokotoa, na sijaona njia nyingine ya kuipata hamu hiyo kwa urahisi.

Angalia mgawanyo wa kazi: kifaa kimechora grafu mia, kitu ambacho hakikuwa somo. Mwanafunzi amebashiri, ameshangaa, amethibitisha. Mpangilio huo wa bashiri, tazama, eleza usiuvunje hata kama muda umebana. Ukivuta kitelezi kabla ya ubashiri, watatazama tu, watasema "aa, sawa", na kesho hawatakumbuka, maana hapakuwa na dau lolote waliloliweka.

Kwa wadogo wanaojumlisha sehemu, fanya hivyohivyo kwa vipande vya utepe vya kwenye kioo au vya karatasi. Kabla ya kuviunganisha uliza: "Nusu ukiiongezea theluthi, jibu litazidi nusu au litapungua?" Waandike. Ndipo waunganishe.

Tahadhari moja ya jometri. Programu itapima pembe za pembetatu na kuonyesha jumla ni 180°, ukivuta ncha popote. Watoto huona hapo uthibitisho umeshapatikana. Waambie wazijumlishe pembe tatu kama zinavyosomeka kwenye kioo. Siku moja kioo kitaonyesha 61.23°, 58.33° na 60.43°, ambazo zinafika 179.99° tu, kwa sababu kila pembe imekadiriwa hadi desimali mbili. Hiyo ni nafasi ya dhahabu ya kuuliza: je, kupima kunatosha? Hapo ndipo mstari sambamba unaopita kwenye ncha unapopata maana.

Hatua ya 4: Video na mifano iliyotatuliwa

Kwa anayeanza mada mpya, mfano uliotatuliwa hatua kwa hatua unafundisha kuliko kumwacha ahangaike na maswali mengi. Sweller na Graham Cooper walilionyesha hili kwa aljebra mwaka 1985. Sababu ni ileile ya mzigo: anayetafuta njia gizani hana nafasi ya kuona njia ilivyopangwa.

Ila kuna sharti. Mfano usomwe kwa kujieleza, si kwa kutazama. Ukiwa na video, isimamishe baada ya kila mstari na useme kwa sauti kwa nini mstari ule umefuata. Tuchukue 3(x − 4) = 2x + 5. Mstari wa pili: 3x − 12 = 2x + 5. Simama. "Kwa nini 12 na si 4?" Mstari wa tatu: x = 17. Simama tena. Hapa hatua mbili zimefichwa, zitaje. Kisha rudisha 17 mahali pa x: kushoto 3 × 13 = 39, kulia 34 + 5 = 39.

Mfano wa pili ukose mstari wa mwisho, mwanafunzi aujaze. Wa tatu ukose miwili. Wa nne abaki na swali tupu. Na mara anapoweza, acha mifano, kwa kuwa msaada uliomfaa mgeni wa mada humchelewesha aliyekwisha kuizoea. Kutazama video nzima mfululizo ukitikisa kichwa kwa kukubali huleta hisia tamu ya kuelewa, nayo hisia hiyo ni shahidi mbaya.

Hatua ya 5: Changanya mazoezi, yaachanishe kwa siku

Vitabu vingi na programu nyingi hupanga mazoezi kwa mafungu: maswali ishirini ya aina moja, kisha ishirini ya aina nyingine. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kukokotoa ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa mafungu, jingine kwa kuchanganya. Wakati wa mazoezi, wa mafungu walipata asilimia 89 na wa kuchanganya 60. Baada ya wiki moja wakapewa mtihani: wa mafungu asilimia 20, wa kuchanganya 63.

Soma namba hizo tena. Ungekuwa mwalimu wao ungeliona kundi la kwanza linang'ara, na ungejipongeza. Anayefanya kwa mafungu hahitaji kuchagua njia, kwa sababu kichwa cha zoezi kimeshamchagulia. Kwenye mtihani hakuna anayemchagulia.

Kwa vitendo: chukua mazoezi uliyonayo, ufanye maswali manne tu ya mada ya leo, kisha manane ya mada za nyuma bila vichwa vya habari. Programu za kadi za kujikumbusha kama Anki zinasaidia kupanga siku za kurudia. Mimi hupendekeza kurudia kesho, baada ya siku tatu, wiki moja, wiki mbili, kisha mwezi. Kwenye kadi usiandike fomula peke yake. Andika swali upande mmoja, na upande wa pili andika njia utakayoanza nayo na sababu. Kwa mfano: "Pembetatu yenye pembe mraba, najua pande mbili, natafuta ya tatu. Naanza na nini?" Halafu: "Na kama najua upande mmoja na pembe moja ya ziada?" Kadi mbili zinazofanana kwa sura lakini zinazotaka njia tofauti zina thamani kuliko kadi hamsini za fomula.

Waeleze wanafunzi mapema kwamba mazoezi ya kuchanganya yatawauma na alama zitashuka kwanza. Usipowaambia watadhani wamerudi nyuma, na wengine watakata tamaa.

Hatua ya 6: Hofu ni jambo la hisabati pia

Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba hofu ya hisabati inapunguza ile nafasi ya kufanyia kazi kichwani wakati wa kukokotoa. Yaani mwenye hofu anajibu swali lilelile akiwa na nafasi ndogo kuliko mwenzake, kwa sababu sehemu ya kichwa inashughulika na "nitaaibika". Halafu anashindwa, na hofu inapata ushahidi.

Hapa teknolojia inaweza kuumiza vibaya. Saa inayohesabu kurudi nyuma, orodha ya washindi inayoonekana na darasa zima, sauti ya kejeli ukikosea: zima vyote. Kama programu haikuruhusu kuvizima, tafuta nyingine. Najua wapo wanaochangamka kwa mashindano. Hao hawahitaji kuokolewa.

Kilicho kizuri kwa mwenye hofu ni kwamba mashine haimtazami. Anaweza kukosea mara saba bila mtu kucheka. Mpe nafasi hiyo ya faragha, kwa masharti kwamba akikosea aonyeshwe amekosea wapi, si rangi nyekundu tu. Kabla ya mtihani kuna zoezi dogo lililojaribiwa na Gerardo Ramirez na Sian Beilock mwaka 2011: mwanafunzi anaandika kwa dakika kumi, waziwazi, yanayomtia wasiwasi kuhusu mtihani ule. Waliokuwa na hofu kubwa walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Karatasi hiyo usiikusanye, wala usiisome.

Na sisi wakubwa tuangalie vinywa vyetu. "Hata mimi hisabati ilinishinda" tunaisema kwa kufariji, lakini mtoto anasikia kwamba kushindwa ni urithi.

Hatua ya 7: Akili mnemba, kwa mikono miwili

Utafiti mmoja uliofanyika Uturuki, ukiongozwa na Hamsa Bastani, uliwahusisha karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari. Kundi moja lilitumia akili mnemba ya kawaida wakati wa mazoezi ya hisabati, jingine likatumia iliyoelekezwa kutoa vidokezo vilivyoandaliwa na walimu bila kutoa jibu, la tatu halikuwa nayo. Katika mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi, na la pili asilimia 127 zaidi, kuliko lisilo na msaada. Kisha msaada ukaondolewa na mtihani ukafanyika. Kundi la kwanza lilipata asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuitumia. Kundi la vidokezo halikupata hasara hiyo.

Kwa hiyo tofauti iko kwenye maelekezo. Kabla ya swali lolote, mwanafunzi abandike maneno kama haya:

"Ninajifunza kutatua milinganyo. Usinipe jibu wala hatua nzima. Kwanza niulize nimefika wapi. Nikikosea, nitajie mstari wenye kosa, kisha niulize swali moja litakalonifanya niligundue mwenyewe. Nikikwama mara tatu, nipe kidokezo kimoja. Tukimaliza, nipe swali linalofanana nalifanye bila msaada."

Kuna sheria moja ya kuongeza juu ya hayo: asifungue mazungumzo kabla ya kuandika mistari miwili ya jaribio lake kwenye daftari, hata kama ni makosa matupu. Na kwa kuwa akili mnemba hukosea hesabu kwa sauti ileile ya kujiamini inayotumia ikipatia, tumia makosa hayo. Mpe mwanafunzi suluhisho ililolitoa, umwambie: "Humu pengine mna kosa. Litafute, na kama halimo, thibitisha kila mstari." Zoezi hilo linafundisha zaidi ya maswali kumi mapya.

Kikokotoo kinahitaji maneno machache tu: kadiria kwanza, bonyeza baadaye. Kabla ya 19.8 × 5.1 andika "karibu 100". Kioo kikionyesha 100.98, sawa. Kikionyesha 1009.8, umeruka nukta, nawe umejua bila kuambiwa.

Hatua ya 8: Pima bila kifaa, baada ya wiki

Alama zilizomo ndani ya programu zinaeleza mwanafunzi anavyofanya akiwa na programu. Unachotaka kujua ni kingine. Subiri siku saba tangu mada iishe. Chukua yale maswali matano ya hatua ya 2, ubadilishe namba, uyatoe kwenye karatasi, simu zikiwa mbali. Weka majibu mapya kando ya yale ya kwanza, mwanafunzi mmoja mmoja.

Kama fikra potofu ni ileile, usiongeze mazoezi. Rudi hatua ya 3 na utafute swali litakaloigonganisha na kitu anachokiona. Kama fikra imebadilika lakini anasahau njia, tatizo liko hatua ya 5. Kama anayaweza akiwa nawe na kuyapoteza kwenye karatasi, angalia hatua ya 6.

Yule mwanafunzi wa 2/5 tulikaa naye kwa vipande vya utepe siku mbili, halafu mada nyingine zikapita. Baada ya wiki nilimpa karatasi yenye 1/3 + 1/4. Akaandika 2/7. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Akachora mstari, akaugawa, akautazama kwa muda. "Mwalimu, 2/7 ni ndogo kuliko 1/3. Nimeongeza halafu imepungua." Akaifuta mwenyewe, akaanza upya kwa kumi na mbili.